Majibu ya damu ya kondoo wenye mimba yanapishana: shida ni chakula au vipimo?

Mfugaji_UsaRiver: Wakuu, naomba ushauri. Kondoo wa Kimasai, mimba ya miezi minne. Wanashinda na mabua ya mahindi, na saa mbili asubuhi kila mmoja anapata nusu kilo ya mashudu ya alizeti. Wawili walitolewa damu saa moja, kabla ya kula: yurea 4.1 na 3.8. Watatu wakatolewa saa tano: 8.6, 9.0 na 8.3. Ketoni (BHB, zinazotokea mwili unapochoma mafuta) za wale wawili wa kwanza ni 1.3 na 1.5. Glukosi ya wote ni 1.4 hadi 1.7. Namba zote ni milimoli kwa lita. Damu ilikaa kwenye tyubu ya kifuniko chekundu, ikafika maabara saa kumi jioni. Figo zimeharibika? Niwape molasi ya TPC, kile kiwanda cha sukari cha Moshi?

Maabara_Njiro: Figo usizihukumu kwa yurea peke yake, mkuu, kreatinini (taka nyingine inayotolewa na figo) haijapimwa. Protini ya mashudu huvunjwa upesi tumboni ikawa amonia, na ini huigeuza kuwa yurea. Kilele chake kwenye damu huja muda wa saa tatu hadi nne tangu mnyama ale, na saa tano yako ya asubuhi imeangukia hapo hapo. Umelinganisha wenye njaa na walioshiba.

Hiyo glukosi itupe. Chembe nyekundu huendelea kula sukari ndani ya tyubu, na zilipewa nusu siku nzima. Ya glukosi iwekwe kwenye tyubu ya kifuniko cha kijivu, yenye sodiamu floridi inayozuia sukari isiliwe: jaza hadi mstarini, pindua taratibu mara nane, usitikise. Nyekundu iache igande nusu saa, kisha seramu (maji ya juu ya damu iliyoganda) itenganishwe mapema. Ukitaka kalsiamu, usitumie ya zambarau. EDTA, dawa iliyomo ya kuzuia damu isigande, huishika kalsiamu yote na majibu hutoka chini ya ukweli. Na msiwakimbize zizini kabla ya kuwachoma: hofu hupandisha glukosi.

Lishe_Kibosho: Namba ya kukukosesha usingizi ni BHB, nayo haiharibiki upesi kama glukosi. Ikipita 0.8 kwa jike mwenye mimba kubwa, nguvu hazimtoshi na anachoma mafuta ya mwilini. Ikifika 3, naye amegoma kula, anasaga meno na kujitenga, huo ni ugonjwa kamili. Mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Wiki sita za mwisho ndipo mtoto anapoongeza sehemu kubwa ya uzito wake, na mwenye mapacha tumbo limebanwa, mabua mengi hayamwingii. Wako wana protini tele ila wanga haupo, kwa hiyo vijidudu vya tumboni vinashindwa kuitumia amonia. Unanunua mashudu yaishie kwenye mkojo!

Shusha mashudu hadi gramu 150. Pumba za mahindi anza na gramu 50, ongeza 50 kila baada ya siku mbili mpaka 300. Ukiruka hatua, tumbo litachacha na wataharisha. Gawa asubuhi na jioni, na hori liwe refu, wanyonge wasisukumwe pembeni. Mabua changanya na majani makavu ya maharage au hei nzuri.

Molasi kidogo ya kunyunyizia mabua sawa, kama dawa hapana. Sukari yake huchachuka tumboni, na sehemu inakuwa asidi ya butiriki ambayo ndiyo huzaa BHB. Anayeanza kuzubaa hunyweshwa propilini glaikoli (dawa ya maji ya kuongeza nguvu), mililita 60 mara mbili kwa siku kwa siku tatu, kichwa kisiinuliwe sana asije akapaliwa.

Mfugaji_UsaRiver: Asanteni sana. Chumvi ya madini ya ng'ombe iliyopo stoo naweza kuichanganya humo?

Lishe_Kibosho: Usithubutu. Shaba yake ni nyingi mno kwa kondoo. Hujikusanya kwenye ini kimyakimya kwa wiki au miezi, kisha siku moja unaona mkojo mwekundu na macho ya manjano. Chakula cha kuku vilevile. Nunua ya kondoo.

Maabara_Njiro: Rudia BHB wiki moja baada ya pumba kufika 300. Kondoo wale wale watano, wote saa moja asubuhi kabla ya hori, na kwenye kila tyubu andika namba ya hereni na saa.