Naomba ushauri: neno "sound" likiwa kivumishi

Habari zenu ndugu zangu. Nafundisha Kiingereza kidato cha pili, na nimekwama. Wanafunzi wanaijua "sound" kama sauti tu. Wakikuta "of sound mind" wanaandika "akili yenye sauti", na inaniuma kwa sababu ni watoto wenye bidii.

Kamusi inasema ni maneno mawili: la sauti lina asili ya Kilatini, la uzima ni la Kiingereza cha kale, ndugu wa "gesund" (mwenye afya) ya Kijerumani. Nimejaribu kuwapa orodha ya tafsiri: akili timamu ("sound mind"), usingizi mzito ("sound sleep"), ushauri wa busara ("sound advice"), salama salimini ("safe and sound"). Wanakariri, kesho wamesahau.

Je, nianze na maana moja ya "-zima" kisha nipanue? Na nyumba iliyo "sound" niseme imara au nzima?