Mama anakuja toka Tanga: Marsaxlokk inamfaa?

BintiSahare
Salaam jamani. Naishi Hamburg, mama anakuja mwezi wa tisa na ameshasema miji hataki, anataka pwani akae aangalie vyombo vikiingia. Nimeona picha za Marsaxlokk kule Malta, mashua za rangi zilizochorwa macho mbele. Pazuri kweli, au ni picha tu? Magoti yanamsumbua, na chakula kiwe halali.

Msafiri_Kidogo
Pa watalii hapo. Jumapili soko lina fulana na sumaku za friji kuliko samaki.

Mpishi_wa_Pangani
Jumapili ni kweli. Lakini siku nyingine mbona pametulia, dada. Mimi napika hotelini kisiwa hikihiki, nikipata mapumziko nakwenda kukaa pale gatini.

Mwezi wa tisa mmepatia. Msimu wa samaki fulusi hufunguliwa katikati ya Agosti mpaka Desemba. Wao humwita lampuki. Na namna wanavyomvua, mwambie mama aitazame: hufunga makuti ya mitende juu ya maboya, wakayatia nanga mbali baharini. Fulusi anapenda kivuli, anajikusanya chini yake, ndipo wanamzungushia wavu. Asubuhi mapema utayaona makuti yamerundikwa kando ya mashua.

Kuhusu picha: hawakuonyeshi winchi za bandari ya makontena ya Birżebbuġa, ng'ambo ya ghuba. Zinaonekana wazi. Mtu wa Tanga hatashtuka na winchi, nadhani.

Magoti: gatini ni tambarare, benchi zipo. St Peter's Pool msimpeleke, ni miamba mitupu na njia ndefu juani. Akitaka kutia miguu majini, Pretty Bay huko Birżebbuġa ina mchanga.

Halali: kuna msikiti Paola, mji ulio kati ya Valletta na Marsaxlokk. Mkahawani ule samaki, ila uliza kwanza kama mchuzi umetiwa mvinyo. Sisi wapishi huku tunautia bila kufikiri. Aljotta ni supu ya samaki yenye thaumu, nyanya na wali, mama ataipenda. Na samaki mzima bei yake ni kwa kilo, kwa hiyo apimwe mbele yako kabla hajaenda jikoni. Watu wanalia wakiletewa bili.

BintiSahare
Ahsante sana kaka! Viza yake ya Schengen ya Ujerumani inatosha? Na mama atataka kupika mwenyewe, namjua.

Mpishi_wa_Pangani
Malta imo Schengen, zile nchi za Ulaya zenye viza moja, tangu 2007; inatosha ilimradi siku za viza hazijaisha. Kupika: pangeni nyumba yenye jiko, msichukue hoteli. Fulusi mnunue asubuhi, muuzaji atakupasulia na kukutolea matumbo ukimwomba. Tui la kopo utalipata maduka ya Wahindi. Bilimbi sahau, atumie limau. Shikamoo zake nyingi.