Mbegu za asta kutoka Chicago, zitashika Kisauni kweli?

MamaMaua: Habarini wapenda bustani. Wifi yangu yuko Chicago, anakuja Disemba na ameniahidi mbegu za asta, yale maua ya zambarau yenye kiini cha njano, kwao ni ya asili na huchanua Agosti mpaka Oktoba wakati mengine yashaanza kuisha. Nimeyapenda mno. Sasa ploti yangu hapa Kisauni, Mombasa, chini ni matumbawe matupu na maji ya kisima yana chumvi, yatashika?

Fundi wa Kitalu: Dada, kuota yanaweza, kazi ni baada ya hapo. Mbegu zile zimezoea kulala kwenye baridi, kwa hivyo zifunge na tishu mbichi ndani ya mfuko uweke kwenye friji, friza hapana, mwezi mmoja hadi miwili ndio uzisie. Lakini mmea wenyewe nao unataka kupumzika kwenye baridi kila mwaka na hiyo baridi hapa tutaitoa wapi, Julai yenyewe watu wanalala na feni. Ukijaribu, tumia chungu, mchanga na mboji, na umwagilie maji ya mvua.

Mvita_Kijani: Kwanza mwambie wifi asizitie kwenye sanduku hivi hivi. Kibali kinaombwa KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, kabla hajasafiri na kule aliko apate cheti cha afya ya mimea, la sivyo zitachukuliwa uwanja wa ndege. Na ni haki yao, magonjwa ya mimea huingia hivyo hivyo.

Bi Mkubwa wa Likoni: Mwanangu, mbona usipande gloriosa? Ni ya kwetu, inaota yenyewe vichakani huku pwani. Itazame kwa karibu, ncha ya kila jani inajikunja ishike uzio wa miti ipande, na maua yanaanza njano yakikomaa yanakuwa mekundu kama moto. Kiangazi kiazi kinalala chini, mvua ikishuka kinaamka. Ila ni sumu kali, kiazi ndio zaidi, watoto na mbuzi wasifike.

MamaMaua: Ahsante bibi, hiyo nimeiona njia ya Kwale! Kiazi nakizika vipi?

Bi Mkubwa wa Likoni: Kilaze ubavu, kina cha kidole, pole pole maana chipukizi liko kwenye ncha na ikivunjika hakioti tena. Vaa glavu. Na usichimbe porini mama, uliza kwenye vitalu.