Naomba ushauri: tezi ya shingo ya mtoto imevimba, dawa haijasaidia

Habari zenu wakubwa. Mwanangu wa miaka 3 alianza na mafua na koo, siku chache baadaye tezi moja chini ya taya ikavimba. Ina joto, nyekundu, akiguswa tu analia. Daktari alisema uvimbe wa ghafla wa upande mmoja mara nyingi ni bakteria, stafilokoka au streptokoka, akampa amoksisilini ya maji. Leo siku ya 4, homa ipo palepale na uvimbe umeanza kulainika katikati. Nahofia umetunga usaha.

Nimesoma kwamba stafilokoka wengi hawasikii amoksisilini. Je, niombe abadilishiwe dawa, au apigwe ultrasaundi kwanza ionekane kama kuna usaha wa kutoa? Pia ana jino bovu upande huohuo, na paka wetu humparua kila mara (nimekataza hadi nimechoka). Kuna ambaye mwanawe alivimba tezi kwa sababu hizo? Bibi yake anang'ang'ania ni kifua kikuu, ila nijuavyo kile cha tezi huja polepole, bila maumivu makali.

Anapumua na kumeza vizuri. Kesho asubuhi tunarudi hospitali, niulize nini?