Umihara Kawase: toleo gani la kuagiza Japani, na litacheza kwenye mashine ipi?

PadiKavu

Wakuu, heshima kwenu. Naulizia mfululizo wa gemu za Umihara Kawase, ule wa binti mwenye begi mgongoni na uzi wa kuvulia samaki. Matoleo ni mengi na majina yanafanana, kiasi kwamba ni vigumu kujua lipi liagizwe Japani na lipi liachwe. Mashine zilizopo ni SNES ya Marekani, DS Lite na 3DS ya Ulaya. Je, kaseti ya Super Famicom (ndiyo SNES ya Japani) itaingia kwenye SNES hiyo? Kutojua Kijapani kutakwamisha? Na huo uzi unaosifiwa kila mahali una nini hasa, au ni kamba ya kubembea tu kama kwenye gemu nyingine?

UziMpira

Karibu mkuu. Nianze na swali la mwisho, maana ndilo linaloamua hayo mengine.

Si kamba ya kubembea tu. Kamba za gemu nyingi zina urefu mmoja: unanasa, unabembea, unaachia, basi. Huu ni mpira. Unavutika, unarudi kwa nguvu, unajikunja kwenye kona ya jukwaa, na urefu wake uko mikononi mwako muda wote: ukibonyeza juu unaufupisha, ukibonyeza chini unaurefusha. Gemu nzima imesimama juu ya kitu hicho kimoja. Kawase, yule binti, haongezewi uwezo wowote mpya njiani. Alichonacho kwenye chumba cha kwanza ndicho alichonacho kwenye cha mwisho, na kinachokua ni mkono wako. Ndiyo maana hatua inayoonekana haipitiki leo unaipita wiki ijayo kwa sekunde kumi.

Jina lenyewe ni msemo wa wapishi wa Kijapani, neno kwa neno "bahari tumbo, mto mgongo", unaohusu sehemu nono ya samaki wa maji chumvi na wa maji baridi. Kawase ni mpishi wa sushi, na maadui ni samaki wenye miguu wanaotembea. Mchoro ni wa Toshinobu Kondo, programu ni ya Kiyoshi Sakai, na hao wawili ndio uti wa mgongo wa mfululizo.

Sasa matoleo. La kwanza ni la Super Famicom, Desemba 1994, mchapishaji TNN. La pili, Umihara Kawase Shun, ni la PlayStation, 1997, na mwaka 2000 likatoka tena kama Second Edition. Kisha PSP mwaka 2008, DS mwaka 2009, na 3DS mwaka 2013 kwa jina la Sayonara Umihara Kawase.

La PSP liache. Nalisema kwa uzito, kwa sababu kasha lake linavutia na UMD, diski ya PSP, haina kifungio cha eneo (kinachozuia gemu ya nchi moja kucheza kwenye mashine ya nchi nyingine), kwa hiyo wengi huliona ni njia rahisi. Tatizo ni kwamba fizikia ya uzi imebadilika. Mbinu zilizotegemea mvutano wa toleo la asili hazifanyi kazi inavyotakiwa, wakati hatua zimejengwa kwa mvutano ule. Ni sawa na kupewa gitaa lenye nyuzi zilizolegea na kuambiwa upige wimbo uleule.

Kwa mwenye DS Lite jibu ni moja: Umihara Kawase Shun Second Edition Kanzenban (yaani "toleo kamili"), ya kampuni ya Genterprise. Kadi za DS za kipindi hicho hazina kifungio cha eneo, kwa hiyo itacheza kwenye DS Lite yako na hata kwenye 3DS ya Ulaya. Ndani yake kuna Shun pamoja na mchezo wa kwanza. Kadi moja, michezo miwili, fizikia sahihi. Kasoro yake ni skrini: DS ina mistari 192 kwenda chini wakati picha ya Super Famicom ina 224, kwa hiyo picha ya mchezo wa kwanza haiwezi kuwa sawa mstari kwa mstari na ya kwenye TV.

Kijapani hakikwamishi. Hakuna hadithi ya kusoma katikati ya hatua. Menyu ni chache, na kila chumba lengo ni kuufikia mlango.

Bisibisi38

Nakubaliana na UziMpira kuhusu DS, ila kaseti ya 1994 kwenye TV ya bomba, ile ya zamani yenye mgongo mkubwa, ni kitu kingine, na kwa kuwa mkuu ana SNES ya Marekani kazi ni ndogo mno.

SNES ya Marekani na Super Famicom zote ni NTSC (mfumo wa picha wa Marekani na Japani) na chipu ya ulinzi ni ya aina moja. Kinachozuia ni plastiki. Ukichungulia kwenye mdomo wa kaseti, upande wa nyuma, utaona vijino viwili vimesimama, kimoja kila upande. Kaseti ya Marekani ina nafasi zake mgongoni, ya Japani haina, ndiyo maana inagota. Chomoa umeme, shika kijino kwa koleo yenye mdomo mwembamba chini kabisa kwenye shina, kisha kipinde mbele na nyuma mpaka kikatike. Usikivute kwenda juu. Ukikosea mara nyingi ni kwa haraka: koleo linateleza linakwaruza pini za soketi, na pini ikipinda hapo hata kaseti za zamani zitaanza kusumbua. Funika pini kwa kipande cha karatasi ngumu kabla ya kuanza. Vipande vikidondoka ndani, geuza mashine uvitikise vitoke. Asiyetaka kukata atumie kaseti ya kupachika katikati.

Kwa wengine watakaosoma mada hii wakiwa na SNES ya PAL (mfumo wa picha wa Ulaya): kwako kaseti inaingia bila kugota, lakini chipu inakataa. Utahitaji adapta ambayo unachomeka na kaseti ya eneo lako ili chipu yake ijibu kwa niaba ya ile ya Japani. Hata ikikubali, mashine inakwenda kwa 50 Hz badala ya 60, yaani mwendo unapungua kwa karibu asilimia 17. Kwenye gemu inayotegemea mdundo wa mpira, huko ni kujifunza wimbo kwa kasi isiyo yake.

Ukiamua kununua na Super Famicom yenyewe, angalia umeme. Adapta yake ni ya volti 100, inatoa DC volti 10, mA 850, hasi ikiwa katikati ya plagi. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wa 220 hadi 240 transfoma inaungua. Tumia kipunguza umeme, au adapta ya kisasa yenye vipimo hivyohivyo. Na usijaribu adapta ya SNES ya PAL, maana ile inatoa AC, si DC.

Kuna picha pia. Ukitumia kebo ya kawaida ya rangi ya manjano kwenye TV isiyopokea NTSC, utaona picha nyeusi na nyeupe, na watu hudhani kaseti ni mbovu. Kwa RGB ya SCART, ile plagi pana ya TV za Ulaya, kebo za PAL na za NTSC si moja: ya NTSC huwa na kapasita za µF 220 kwenye mistari ya rangi, ya PAL huwa na rezista za omu 75 kwenda kwenye ardhi. Ya PAL ukiichomeka kwenye mashine ya NTSC picha inakuwa na giza.

PadiKavu

Asanteni sana wakuu, nimeelewa. Sasa vipi Sayonara ya 3DS, kadi ya Japani itakubali kwenye 3DS ya Ulaya? Na mtu anaanzaje na huo uzi? Kwenye video wachezaji wanapanda ukingo kutoka chini ya jukwaa kama wamerushwa, lakini kila nikijaribu kufikiria wanafanyaje nashindwa.

UziMpira

Haitakubali. 3DS ina kifungio cha eneo, kadi ya Japani inataka mashine ya Japani. Toleo la Marekani liliitwa Yumi's Odd Odyssey, la kampuni ya Natsume, mwaka 2014, na liliuzwa kwa kupakua tu. Duka la 3DS lilifungwa kuuza Machi 2023, kwa hiyo njia hiyo imekwisha. Sayonara ilifika PlayStation Vita na Steam (duka la gemu za kompyuta) mwaka 2015, na huko ndiko pa kuitafuta. Usiidharau: Sakai na Kondo wote walirudi kuitengeneza, na ina wahusika wa ziada, mmoja wao anaweza kupunguza kasi ya muda. Ukiicheza kwenye 3DS ya Japani, tumia vitufe vya msalaba, si kijiti cha duara. Kijiti kinakupa mshazari wakati unataka juu kamili, na ndoano inakwenda pasipotakiwa.

Suala la ukingo namwachia NdoanoMshazari, hilo ni lake.

NdoanoMshazari

Nimeitwa, nimeitika. Tuuone ukingo huo kwa karibu.

Umesimama chini ya jukwaa, mlango uko juu yake. Nasa ndoano chini ya jukwaa karibu na ukingo, kiasi cha hatua moja ndani. Ukinasa katikati utabembea vizuri lakini hutafika nje ya ukingo. Ukinasa kwenye ncha kabisa, uzi unajikunja kwenye kona mapema na unakukatia mwendo. Fupisha mpaka miguu iondoke chini.

Sasa anza kubembea kwa kulia na kushoto. Siri iko kwenye juu na chini: refusha unapofika mwisho wa bembea, fupisha unapopita katikati, pale chini kabisa. Ni jinsi mtoto anavyoipa bembea nguvu, anajikunyata na kujinyoosha kwa wakati wake. Ukifupisha wakati mwili uko kasi, kasi inaongezeka. Ukifupisha mwishoni, mwili umetulia, unajivuta tu kwenda juu na kupoteza kila kitu. Hili la pili ndilo kosa la karibu kila anayeanza: anashikilia juu muda wote akidhani ndiyo kupanda.

Bembea mbili au tatu zikitosha, elekea nje ya jukwaa ukiwa na uzi mrefu. Mpira utavutika. Usiachie bado. Ngoja urudi, na mara tu unapoanza kukurusha juu, fupisha kwa nguvu huku umeshikilia upande wa jukwaa. Uzi unajikunja kwenye kona, kona inakuwa mhimili mpya, na sehemu iliyobaki ya uzi ni fupi, kwa hiyo Kawase anazunguka haraka na kutua juu. Ukiona unagonga ukuta wa pembeni badala ya kupita juu yake, ulifupisha mapema. Ukiona umepita juu lakini unaanguka nyuma, ulichelewa. Rekebisha kwa hizo dalili mbili tu, usibadilishe mahali pa kunasa mpaka muda wako uwe sawa.

Kuna mbinu ya pili: nasa sakafuni, tembea mbali mpaka uone uzi umekaza na miguu inateleza, kisha ruka huku unafupisha. Mpira unakurudisha kama manati. Inafaa kuvuka shimo pana kwenye nafasi isiyo na dari, na ndiyo inayofungua milango ya mbali. Hilo ni muhimu, kwa sababu ramani ya vyumba ina matawi. Mlango rahisi unaweza kukufikisha mwisho wa gemu mapema sana, na watu wengi huona majina ya watengenezaji wakadhani wamemaliza, kumbe vyumba vingi hawajavigusa. Ukiona mlango mahali pa ajabu, huo ndio wa kuutafuta.

Samaki: ndoano ikimpiga anapigwa butwaa, kisha mvute mpaka aingie begini. Usimkimbilie kabla ya kumnasa.

Bisibisi38

Niongeze la ununuzi, maana kaseti hii ina bei ya wakusanyaji na bandia zipo. Tafuta kwa maandishi ya Kijapani, 海腹川背, kwa sababu wauzaji wengi hawaandiki jina kwa herufi zetu. Maneno ya kujua: 動作確認済み ni imejaribiwa na inafanya kazi, ジャンク ni haijajaribiwa au ina kasoro na hairudishwi, 箱説付き ni ina boksi na kitabu, ソフトのみ ni kaseti peke yake. Neno 日焼け ni plastiki iliyogeuka manjano kwa jua, haidhuru mchezo. Wauzaji wengi wa mnadani hawatumi nje ya Japani, hivyo utapitia wakala: hesabu bei ya kitu, usafiri wa ndani ya Japani, ada ya wakala, usafiri wa nje na ushuru wa forodha. Kwa kaseti moja tupu, hizo nyongeza zinauma. Kusanya vitu viwili vitatu vitumwe pamoja.

Omba picha ya bodi ya ndani ikiwa bei ni kubwa. Skrubu ni za usalama za mm 3.8. Bodi halisi ina maandishi ya Nintendo na chipu zenye miguu inayoonekana. Ukiona tone jeusi la gundi juu ya bodi, au waya umeunganishwa kwa mkono, achana nayo. Ikifika na isiwake, usifikiri imekufa: safisha pini kwa pamba na isopropili alkoholi ya asilimia 90 kwenda juu, acha ikauke dakika kumi, jaribu tena. Usipulize kwa mdomo, mate yanaleta kutu.

PadiKavu

Basi naanza na Kanzenban ya DS, na kaseti ifuate mkono ukishazoea ukingo. Ndoano, swali moja la mwisho: mchezo wa kwanza au Shun kwanza?

NdoanoMshazari

Wa kwanza. Shun inadai uwe tayari unajua kurusha ndoano hewani bila kufikiria.

UziMpira

Naunga mkono. Na kwenye TV ya kisasa kaseti ikifika, washa hali ya gemu kwenye TV. Picha ikichelewa hata kidogo, kufupisha pale chini kabisa hakutaingia kwa wakati na utailaumu mikono yako bure.