Nibaki Dar au nihamie Lushoto? Walioishi mji mdogo naombeni ushauri

Mpangaji_Chanika: Wakuu, habari za jioni. Mimi fundi cherehani, mke anauza chakula, watoto wawili wa msingi. Kodi ya Dar inanimaliza, na kupeleka kazi Kariakoo kila siku ni foleni tupu. Mjomba ana nyumba yenye fremu Lushoto mjini, ananiita. Niende?

Msambaa_wa_Soni: Karibu nyumbani mkuu. Kabichi, karoti, njegere unazonunua huko zimetoka mashambani kwetu, huku bei ni kama bure. Msimu wa matunda damu wanao watasahau pipi. Ila mji uko mita kama 1,400 juu, mwezi wa sita na wa saba utatafuta blanketi zito. Feni iuze hukohuko.

Bi_Mkasi: Mwenzako kwenye kazi, nimeshona mji mdogo miaka minne. Sare za Januari, Idi, harusi: hulali. Miezi mingine unakaa unahesabu wapita njia. Zipu na uzi wa rangi fulani hakuna, unaagiza na nauli ya kifurushi juu yako. Halafu mteja ni shemeji wa jirani: "nitakulipa tukivuna." Ukimdai kwa sauti umejiharibia, jioni mtaa mzima unajua una roho mbaya. Lakini niseme ukweli, na mimi nilikuwa nakula unga wa mkopo dukani na hakuna aliyeniuliza kitambulisho. Dar nani angenikopesha?

Utingo_Mombo: Mbona hamtaji barabara? Mombo hadi Lushoto kilomita 33, kona juu ya kona, njia ya tangu enzi za Mjerumani, mji ukiitwa Wilhelmstal. Masika ikikolea udongo unashuka barabarani, mnasubiri. Hospitali ya wilaya ipo, ila rufaa ikiandikwa Bombo, Tanga, mgonjwa anazishuka kona hizohizo. Kama nyumbani una mtu wa kliniki kila mwezi, jipime.

Mama_Ntilie_Mstaafu: Nyote mnamshauri fundi. Mkewe je? Dar anauzia mafundi ujenzi na wapiga debe, watu wasioweza kurudi kwao mchana. Mji mdogo mwalimu, karani, muuza duka, saa saba wote wanakwenda kula kwao. Watakaobaki ni abiria wa stendi na watu wa siku ya gulio, na hapo stendi kuna wenyeji wenye wateja wao. Mjomba kakupa fremu ya cherehani, mkeo kapewa nini?

Msambaa_wa_Soni: Mama umegonga penyewe. Kwetu chakula cha kununua mchana ni cha wageni.

Mpangaji_Chanika: Shikamoo mama. Nimemsomea, amecheka, kisha akanyamaza, nikaelewa. Basi napanda peke yangu Novemba, nishone sare hadi Januari iishe, yeye na watoto wabaki na meza yao hapa. Msambaa, feni siiuzi.