Kuna mwengine hapa asomae vitabu vya Supernatural ama ni mimi peke yangu?

Kijana_wa_Kibokoni
Wadau hamjambo. Mimi Supernatural, ile sirizi ya tivii ya Marekani ya ndugu wawili Sam na Dean wanaowinda mizuka, nshaiona yote, sizoni zote 15, zile za kutiliwa kwenye flashi pale muvi shopu, nkajua nshamalizana na Sam na Dean. Sasa juzi napita Mwembe Tayari kwa jamaa wa vitabu vya mitumba nakuta Nevermore, ya Keith R.A. DeCandido, imetoka 2007, jalada limechanika pembeni na ukurasa wa kwanza una jina la mtu, nkaichukua hivo hivo. Wallahi nimeipenda. Ndugu wawili wanaingia New York, kuna mwanamuziki wa rock nyumba yake ina mzuka wa kike umevaa tisheti ya bendi ya zamani, kazi yake ni kulia tu usiku, na huku mtaani watu wanauliwa kwa mitindo ya hadithi za Edgar Allan Poe, yule mwandishi wa zamani wa Marekani wa hadithi za kutisha. Nkalala saa tisa.

Kaka yangu anancheka, asema kitabu kilotolewa kwenye tivii ni muwa ulotafunwa. Nyie mwaonaje? Na nkitaka kuendelea nishike kipi?

BintiTudor
Mwambie kakako asome kwanza ndo acheke 😂

Hivi vitabu vimepachikwa katikati ya episodi, hicho chako kiko sizoni ya pili, baba yao ashakufa na Dean anaficha jambo aloambiwa na baba kabla hajafa. Kwa hivo mwandishi kafungwa mikono, hawezi kumuua mtu mkubwa wala kumuoza mtu, kila mmoja lazima arudi pale pale alipokuwa ili episodi inayofuata isiharibike. Watu husema huo ndo ubovu wake. Mimi naona ndo raha, maana mtu akikosa nafasi ya kukimbiza kisa mbele anatulia kwenye vitu ambavyo tivii haina muda navyo, Dean anawaza nini akiendesha ile gari yao Impala, Sam anakasirika vipi kimyakimya.

Halafu kuna hili. Sirizi imepigwa Vancouver, Canada, ndo maana kila mji wa Marekani wanaoenda una msitu ule ule na mvua ile ile, wawe Kansas wawe Texas. DeCandido ni mzaliwa wa Bronx, anaandika kwao! Na Poe kweli alikaa Bronx, alihamia 1846 wakati huo ni kijiji cha Fordham, mkewe Virginia alikufa mle mle nyumbani mwaka uliofuata kwa kifua kikuu, na kile kinyumba bado kipo mpaka leo. Mtu wa kwao akikutembeza unajua tu. Hebu fikiria mtu aandike jini la Mombasa na hajawahi kubanwa kwenye feri ya Likoni.

BabaSwabra
Mimi na huyo kaka mtu tuko pamoja. Dean ni uso, Jensen Ackles anayemuigiza akikunja jicho moja umeshaelewa, kwenye kitabu naelezwa laini tatu kuwa ametabasamu lakini hakufurahi. Ningekuwa sijamuona kwenye tivii nisingemjali hata kidogo, kwa hivo kitabu kinakula jasho la mwengine.

Na jengine, majini ya hawa Wamarekani vipi yaogopa chumvi? Huku kwetu yule mwanamke mwenye kwato za punda mmwagie gunia zima, atakuuliza ndimu iko wapi.

BintiTudor
@BabaSwabra ndimu 😂😂 mzee umeniua. Ila kukopa sura si kosa bwana, hata mashairi yetu nusu yake msikilizaji keshajua kisa, anataka kusikia utakisemaje.

Mvuvi_wa_Maneno
Kijana usibabaishwe na maneno ya nyumbani. Shika Witch's Canyon, Jeff Mariotte, nayo ni 2007 na ni sizoni ya pili, kuna mji Arizona kila baada ya miaka 40 watu wanaanza kuuliwa. Kwangu mimi katikati inazubaa, risasi nyingi mno, lakini mwanzo wake ni mtamu. Baada ya hapo rudi kwa DeCandido usome Bone Key, 2008, hiyo wako Key West kule Florida na Dean amebakisha muda mchache aende motoni. Hiyo iko sizoni ya tatu, nayo sizoni hiyo ilikatwa ikaishia episodi 16 sababu ya mgomo wa waandishi wa Hollywood, kwa hivo mimi nikiisoma nilihisi nimelipwa deni langu.

Poe msome pia, sio badala ya hivi. Hadithi zake nyingi ni fupi, ile ya mtu anajengewa ukuta akiwa hai unaimaliza kabla foleni haijasogea. Ila usiisome usiku kama chumba chako hakina dirisha.

Kijana_wa_Kibokoni
Shukran sana dadangu BintiTudor, hilo la Vancouver nilikuwa silijui na sasa nkiangalia sirizi naona misonobari tu kila mahali 😅 @Mvuvi_wa_Maneno Bone Key unayo yenyewe ama ulisoma kwa simu? Kama unayo nkopeshe wiki moja, Nevermore naiacha kwako iwe rahani.

Mvuvi_wa_Maneno
Ninayo. Njoo Kongowea Jumamosi asubuhi, ila ukikunja ukurasa tutakosana.